PMI, IPMA, APM au kanuni za mwajiri: zipi zikuongoze ukiwa meneja wa mradi?

Swali hili huja kwa njia mbili. Yupo meneja wa mradi anayetaka kujiunga na chama cha taaluma yake, anaona majina matatu makubwa na hajui yanatofautiana vipi upande wa maadili. Halafu ipo ofisi inayoandaa mikataba ya mameneja wa miradi. Inataka kuweka kifungu cha kumtaka meneja afuate kanuni fulani za maadili, ikafika hapo ikakwama: kanuni zipi? Wote wawili hufungua nyaraka, wakasoma kurasa za mbele, na kurasa za mbele zote zinafanana. Uadilifu, heshima, uwajibikaji. Anayeishia hapo ataona hakuna haja ya kuchagua.

Haja ipo. Tofauti ziko ndani, pale kanuni zinapokuambia ufanye nini mlipaji anapotaka ripoti isomeke vizuri kuliko hali ya kazi ilivyo, na pale zinaposema nani atakuita ujieleze usipofanya hivyo.

Vigezo vya kulinganishia

Meneja wa mradi hukaa kati ya wanaofanya kazi na wanaoilipia. Fundi anajua ufa ulipo, mlipaji hajui, na taarifa inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hupita mezani kwa meneja. Ndiyo maana naamini jaribu kubwa la cheo hiki ni kuchuja taarifa, hata kuliko wizi wa fedha. Wizi una wakaguzi wa hesabu wa kuufuatilia. Sentensi iliyolainishwa kwenye ripoti ya mwezi haina mkaguzi.

Kigezo cha kwanza basi ni ukweli: kanuni zinabana kiasi gani uchujaji wa taarifa? Cha pili ni mgongano wa maslahi na rushwa. Cha tatu, zinamfunga nani hasa. Cha nne, nini hutokea zikivunjwa, na aliyeripoti analindwa vipi. Cha tano, zinakusaidia kuamua pale ambapo jibu haliko wazi? Cha sita ni wajibu kwa jamii na mazingira. Ada za uanachama nimeziacha nje makusudi, kwa sababu hubadilika na hazisemi lolote kuhusu maadili.

Zinamfunga nani

Project Management Institute, yaani PMI, ilianzishwa Marekani mwaka 1969. Kanuni zake za maadili na mwenendo zilianza kutumika Januari 2007 na zimejengwa juu ya tunu nne: uwajibikaji, heshima, haki na ukweli. Zinawafunga wanachama, wenye vyeti vyake hata kama si wanachama, walioanza kuomba cheti, na wanaojitolea kuitumikia taasisi. Kwa hiyo mwenye PMP, cheti chake cha meneja wa mradi, aliyeacha kulipia uanachama bado yumo.

International Project Management Association, IPMA, ina mizizi ya mwaka 1965 na imesajiliwa Uswisi. Hii ni shirikisho la vyama vya nchi mbalimbali, na mtu wa kawaida huingia kupitia chama cha nchi yake. Kanuni za IPMA ni za mwaka 2015, lakini chama chako kinaweza kuwa na kanuni zake na utaratibu wake wa nidhamu. Anayeelekea huko asome nyaraka zote mbili kabla ya kutia saini.

Association for Project Management, APM, ilizaliwa Uingereza mwaka 1972 na ikapata hati ya kifalme, yaani utambuzi rasmi wa taji la Uingereza, mwaka 2017. Kanuni zake zinawafunga wanachama wake na wanaobeba hadhi yake ya juu ya kitaaluma, Chartered Project Professional.

Kanuni za mwajiri humfunga kila mwajiriwa, na mara nyingi makandarasi pia kupitia mikataba yao. Nguvu yake ni kwamba hakuna anayeweza kusema hakujiunga. Udhaifu wake ni kwamba ukihama kazi hazikufuati, isipokuwa mambo kama usiri ambayo mkataba umeyafunga hata baada ya kuondoka.

Ukweli kwenye ripoti

Hapa nitakaa kidogo, na nitatumia tukio linalojulikana. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, walipinga kirushwe asubuhi iliyofuata. Baridi ilikuwa kali, na walihofia kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekakamaa. Pendekezo lao la maandishi lilikuwa kisirushwe chini ya nyuzi joto 53 za Farenhaiti, takriban 12 za Selsiasi. Mkutano wao na NASA, shirika la anga la Marekani, ukasimamishwa, viongozi wa kampuni wakajadiliana pembeni, wakapiga kura wao peke yao bila wahandisi, wakarudi na jibu la kuruhusu. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka na watu saba wakafa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na William Rogers ilikuta kwamba waliofanya uamuzi wa mwisho hawakujua kabisa kuwa mwanzoni mtengenezaji alikuwa amependekeza kwa maandishi kisirushwe.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Huenda usingepata taarifa ya uongo moja kwa moja katika mlolongo ule. Taarifa ilikuwepo, ikakwama njiani.

Sasa zipitie kanuni nne ukiwa na picha hiyo. Za PMI zina sehemu mbili kwa kila tunu: mambo ya kujitahidi kuyafikia, na mambo ya lazima. Katika tunu ya ukweli, lazima ni kutoshiriki wala kufumbia macho mwenendo wa kudanganya, na kanuni zinataja sura za udanganyifu huo kwa majina: kauli za uongo, ukweli nusu, taarifa iliyotolewa nje ya muktadha wake, na kuficha jambo ambalo lingejulikana, kauli yako ingeonekana ya kupotosha. Hilo la mwisho ndilo la Challenger. Ndilo pia la meneja anayeandika kwamba ujenzi umefika asilimia 90 bila kusema kwamba kumi zilizobaki zinasubiri kibali ambacho hakijaombwa. Katika nyaraka hizi nne, sijaona inayogusa donda hili kwa usahihi kuliko PMI.

IPMA imechukua njia nyingine. Kiwango chake cha umahiri, toleo la nne la mwaka 2015, kinaorodhesha umahiri 28 wa meneja wa mradi, na kumi kati yake unahusu watu. Mmojawapo ni uadilifu binafsi na kuaminika. Maana yake ni kwamba ukweli umewekwa kwenye fungu moja na kuongoza timu au kujadiliana mikataba: ni kitu unachotakiwa kuonyesha umekifanya. Kwa ngazi za juu za vyeti mwombaji huhojiwa kuhusu miradi yake mwenyewe, na mhojaji makini anaweza kumuuliza lini alipeleka habari mbaya juu na ilikuwaje. Njia hii inapima mtu kuliko sahihi yake kwenye fomu. Inategemea sana, hata hivyo, ubora wa anayehoji.

APM nayo inadai uaminifu, ila uzito wake hasa uko kwenye kuuunganisha na umahiri. Inaeleza weledi kwa nguzo tano: upana wa maarifa, kina, mafanikio, kujitoa kujiendeleza, na kuwajibika kupitia kanuni za mwenendo. Kujiendeleza kunapimwa kwa saa 35 za mafunzo kwa mwaka. Kuna hekima hapa ambayo wengi huipita. Meneja asiyejua kukadiria gharama atampa mteja tarakimu isiyo kweli bila kukusudia uongo wowote, na mteja ataumia vilevile.

Kanuni za waajiri mara nyingi hulenga kumbukumbu za fedha, risiti na mahudhurio. Rangi ya kijani kwenye ripoti ya maendeleo, ile inayosema kazi inakwenda vizuri, kwa kawaida haitajwi. Ukiwa na nafasi ya kushauri ofisi yako, omba kiongezwe kifungu kimoja: kwamba ripoti ya hali ya mradi ni kumbukumbu rasmi kama ilivyo hati ya malipo, na kuipotosha ni kosa la uzito uleule.

Mgongano wa maslahi na rushwa

Chukua hali hii: zabuni imetangazwa, na mmoja wa waombaji ni kampuni ya shemeji ya meneja. Kampuni ni nzuri kweli. Bei yake nzuri pia.

Kwa PMI, meneja anatakiwa kulieleza jambo lote mapema kwa wahusika bila kusubiri kuulizwa. Baada ya hapo hashiriki uamuzi mpaka mambo matatu yatimie: amefichua kikamilifu, kuna mpango wa kupunguza athari uliokubaliwa, na wadau wameridhia. Zinakataza pia kutoa au kunyima mikataba kwa upendeleo, undugu au hongo. Anayefuata hatua hizi tatu ana kitu cha kuonyesha baadaye, hata kama shemeji ndiye atakayeshinda kwa haki.

IPMA na APM zinadai uwazi uleule kuhusu mgongano wa maslahi, lakini zinamwachia meneja na mazingira yake zaidi namna ya kuutekeleza. Kwa mzoefu hilo ni nafuu. Mgeni kazini anaweza kubaki anajiuliza kama kumnong'oneza bosi kunatosha. Hakutoshi, iandike.

Mahali ambapo kanuni za mwajiri huzipita zote ni hapa. Kanuni nzuri za mwajiri zina fomu, zina rejista ya zawadi, zina kiwango cha thamani ambacho ukikifikia unarudisha au unatangaza. Kanuni za kimataifa haziwezi kukutajia kiwango kinachofaa ofisi yako. Mwajiri anaweza, na asipofanya hivyo ameacha pengo.

Juu ya zote nne kuna sheria, na sheria hazifanani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya kuhonga maofisa wa nje, FCPA, ina mwanya mwembamba kwa malipo ya kuharakisha huduma ya kawaida ambayo ofisa angepaswa kuitoa tu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, haina mwanya huo. Kwake malipo ya namna hiyo ni rushwa, kifungo kinaweza kufika miaka kumi, na kampuni yenyewe inaweza kushtakiwa kwa kushindwa kuzuia rushwa inayotolewa kwa niaba yake, hata nje ya Uingereza. Mradi wenye kampuni kutoka nchi zote mbili unahitaji kufuata iliyo kali zaidi. Meneja asiyelijua hili anaweza kumwambia mwenzake kwa nia njema kabisa kwamba malipo madogo bandarini hayana tatizo.

Zikivunjwa, na ukiripoti

PMI hupokea malalamiko rasmi ya maadili dhidi ya wanaofungwa na kanuni zake, na kanuni zenyewe zinataka malalamiko yawe na ushahidi wa kweli. Zinataka pia hatua zichukuliwe dhidi ya anayemlipizia kisasi mtu aliyeibua suala la maadili, jambo ninaloliheshimu sana. Adhabu ya mwisho ni kupoteza cheti na uanachama. Kwa anayepata zabuni kwa nguvu ya cheti hicho, hilo ni pigo. Kwa bosi wake ambaye hajawahi kuwa na cheti, si kitu.

APM ina utaratibu wake wa nidhamu, na hadhi inayotokana na hati ya kifalme inafanya kuipoteza kuwe jambo zito, hasa Uingereza ambako waajiri wanaitambua zaidi. Kwa IPMA unashughulika na chama cha nchi pamoja na chombo chake cha vyeti, na uthabiti hutofautiana. Uliza kabla ya kujiunga: nani hupokea malalamiko, nani huyaamua, na mlalamikiwa anasikilizwa vipi. Chama kisichoweza kujibu maswali hayo matatu hakijajiandaa.

Mwajiri ana fimbo ndefu kuliko wote, kwa sababu anaweza kukufukuza kazi wiki hii. Lakini pale anayetuhumiwa ndiye mkuu wa idara, au pale kampuni nzima inanufaika na ripoti iliyolainishwa, kumpelekea mwajiri malalamiko ni kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere. Angalia kama kuna njia ya kuripoti isiyopita kwa bosi wako. Umoja wa Ulaya umeweka kipimo kizuri cha kulinganishia katika agizo lake la mwaka 2019 la kuwalinda wafichuaji: waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi wawe na njia ya ndani ya kuripoti, aliyeripoti athibitishiwe ndani ya siku saba kwamba taarifa imefika, na apewe mrejesho ndani ya miezi mitatu. Hata kama uko mbali na Ulaya, muda huo unaweza kuuombea ofisi yako.

Ningeongeza neno kwa anayefikiria kuripoti leo. Hakuna kati ya kanuni hizi nne inayokuhakikishia kwamba hutaumia. Roger Boisjoly, mmoja wa wahandisi waliopinga kurushwa kwa Challenger, aliandika onyo lake kwa barua ya ndani Julai 1985, miezi sita kabla ya ajali. Baada ya kutoa ushahidi wazi alitengwa kazini. Mwaka 1988 alituzwa na chama cha wanasayansi wa Marekani, AAAS, kwa ushujaa wake, lakini kazi ile hakuirudia. Weka maandishi yako, tarehe zako na nakala zako mapema, kabla hujaamua chochote, na ufanye hivyo bila kuvunja usiri wa mteja.

Msaada wa kuamua

PMI ina mwongozo wa kufanya uamuzi wa kimaadili wenye hatua tano: kutathmini hali, kutafuta njia mbadala, kuzichambua, kuzipima kwa misingi ya maadili, kisha kutenda. Unatumika kirahisi hata na asiye mwanachama, na unafaa hasa timu inayobishana. IPMA na APM hutegemea zaidi mafunzo na majadiliano ya wanataaluma. Mwajiri mwenye ofisa wa maadili anayepokea simu ana kitu ambacho mwongozo wowote wa maandishi hauna, yaani mtu wa kumuuliza kabla hujakosea.

Jamii na mazingira

IPMA inalisema suala la uendelevu waziwazi ndani ya kanuni zake. APM inafungwa na hati yake ya kifalme kuiendeleza taaluma kwa manufaa ya umma. PMI inasema maamuzi yazingatie maslahi ya jamii, usalama wa umma na mazingira, ila kifungu hicho kimewekwa upande wa mambo ya kujitahidi, si ya lazima. Kwangu hilo ni pungufu, kwa sababu usalama wa umma si kitu cha kujitahidi tu. Waajiri hutofautiana mno, hakuna la jumla la kusema.

Kwa hali yako

Kama unafanya kazi na wateja wa nchi mbalimbali na unataka kanuni ambazo mteja anaweza kuzifungua akasoma vifungu vya lazima kimoja kimoja, PMI itakuhudumia vizuri. Ongeza mwenyewe kifungu cha usalama wa umma kwenye mkataba wako kama mradi unagusa maisha ya watu.

Kama una miaka mingi kazini na unataka maadili yako yapimwe kwa uliyoyatenda, na chama cha IPMA cha nchi yako kina utaratibu wa nidhamu unaoeleweka, nenda huko. Kama chama hicho bado ni kichanga, chukua cheti ukitaka, ila usikitegemee kikulinde.

Kama soko lako ni Uingereza, au unafanya kazi na taasisi zinazoitambua hadhi ya Chartered, APM inakufaa, hasa ukiwa tayari kutunza saa zako za kujiendeleza kila mwaka.

Kama wewe ni ofisi inayoandika mikataba, usichague moja. Tumia kanuni zako kwa viwango vya zawadi, fomu na njia ya kuripoti, halafu taja kanuni za chama kimoja kwa ajili ya ukweli wa ripoti na mgongano wa maslahi. Andika pia ipi itashinda zikigongana. Pendekezo langu ni ile inayodai uwazi zaidi.

Kama huna chama, huna mpango wa kujiunga, na mwajiri wako hana kanuni zozote, anza na karatasi moja ya mradi ulio nao sasa. Iseme nani anapelekewa habari mbaya, ndani ya siku ngapi, na nani anapelekewa iwapo wa kwanza ndiye tatizo. Wapatie timu na mlipaji waisome na watie saini kabla kazi haijaanza, wakati bado hakuna wa kulaumiwa.

Na kama tayari kuna ripoti mbele yako unayotakiwa kuilainisha wiki hii, kuchagua chama kunaweza kusubiri. Muulize kwa maandishi aliyekuagiza ni taarifa ipi hasa anataka iondolewe, na ipelekwe kwa nani bila taarifa hiyo.